Takwimu zilizokwisha muda zinawaangusha watahiniwa wetu

Kwa Mhariri,

Salamu kutoka Amu, yaani Lamu. Nakuandikia nikiwa dukani kwangu Langoni, hatua chache kutoka Usita wa Mui, baada ya swala ya Isha. Gazeti lako hunifikia alasiri, maana lazima livuke na mashua kutoka Mokowe pamoja na mikate na vifurushi vya watu, lakini silikosi. Marehemu baba yangu alilisoma kwenye kiti hiki hiki. Mara mbili nilizowahi kukuandikia nililalamikia bei ya mafuta. Leo nina jambo jingine, nalo ni mtihani.

Binti wa ndugu yangu ana diploma ya uhasibu tangu 2023. Julai mwaka huu wa 2025 aliitwa kufanya mtihani wa kuandika kwa ajili ya kazi ya ukarani, ofisi sitaitaja. Barua ilimwambia kwamba sehemu moja itahusu mambo ya sasa katika uchumi wa taifa, biashara na fedha. Akanunua kitini kwa shilingi 300 kutoka kwa mtu anayewauzia vijana wengi wa hapa na wa bara. Kurasa 38 zilizobanwa kwa pini mbili, maswali 200, na jibu chini ya kila swali. Wiki tatu hakulala vizuri. Nikifunga duka nilimkuta barazani na taa ya simu, kajifunika mtandio, anakariri kwa sauti ya chini kama mtoto wa chuoni anavyokariri juzuu.

Siku aliyorudi kutoka mtihanini hakupitia nyumbani. Alikuja moja kwa moja dukani, akaketi juu ya gunia la mchele, na hata shikamoo aliisahau, jambo ambalo si kawaida yake. Akaniuliza, "Ami, riba ya Benki Kuu ni ngapi?"

Nikamwambia, "Mwezi wa Juni waliishusha ikawa asilimia 9.75. Kwani wameiuliza?"

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mimi nimeandika 13."

Nikamwomba kile kitini. Swali la 41, jibu: asilimia 13. Mhariri, aliyekiandika hakusema uongo. Riba ya msingi ya Benki Kuu, ile inayoelekeza riba za mabenki, ilikuwa asilimia 13 kweli, tangu Februari 2024 hadi Agosti mwaka huo. Agosti ikashushwa hadi 12.75, Oktoba 12, Desemba 11.25. Mwaka huu Februari ikawa 10.75, Aprili 10, Juni 9.75. Mara sita imeshuka na kitini kimebaki pale pale, kinapigwa nakala na kuuzwa. Hakina tarehe. Nilikipekua jalada mpaka ukurasa wa mwisho, mbele na nyuma, nikitafuta japo mwaka. Hamna.

Mimi ni mtu wa duka. Pakiti ya maziwa ikiingia humu bila tarehe ya kwisha muda, mkaguzi akija ananitia hatiani, na ana haki, kwa sababu mtu anaweza kunywa akaugua. Kila asubuhi nazipanga pakiti, za zamani mbele, mpya nyuma, na zile zilizopita muda naziondoa hata kama hasara ni yangu. Lakini kitini kinachomlisha kijana maarifa ya kwendea kazini hakuna anayekitazama tarehe. Binti yule alilishwa maziwa yaliyochacha, naye ndiye aliyelipa.

Usiku ule tulikaa sote wawili na penseli. Nilimwambia tuyagawe maswali mafungu mawili: haya ni chumvi, haya ni maziwa. Chumvi haiozi. Benki Kuu ya Kenya ilianza 1966, na Septemba mwaka huo huo ndipo shilingi yetu ya Kenya ilipoanza kutolewa. Hilo litabaki hivyo mpaka mwisho wa dunia. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kwisha Juni 30. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Novemba 30, 1999, na makao yake ni Arusha. Katiba ya 2010 inataka kaunti zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Hayo kijana ayameze, hayatamdhuru. Lakini jina la anayeshika ofisi, riba, thamani ya dola, idadi ya nchi wanachama, kiasi cha bajeti, hayo ni maziwa.

Maziwa ya kitini kile yalikuwa yamechacha kweli kweli. Kilisema Gavana wa Benki Kuu ni Patrick Njoroge, ilhali Kamau Thugge aliingia ofisini Juni 2023. Ajabu ni kwamba ukurasa huo huo una riba ya 2024. Maana yake mwandishi alifuma viraka vya miaka tofauti, na mtahiniwa hana njia ya kujua kiraka kipi ni cha lini. Kilisema bima ya afya ya taifa ni NHIF. Tangu Oktoba 1, 2024 kazi hiyo ni ya SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, na mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Kilisema mpango wa AGOA unaruhusu bidhaa zetu kuingia Marekani bila ushuru, kama vile hauna mwisho. Huo ulipitishwa 2000, na muda wake ulikwisha Septemba 30, 2025. Hapo sikilaumu kitini, maana Julai ulikuwa bado upo. Lakini mtahiniwa wa Novemba akikisoma kitamponza.

Lililoniuma zaidi ni swali la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kitini kilihesabu nchi sita. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia 2022, na Somalia ikawa mwanachama kamili Machi 2024, kwa hiyo ni nane. Binti huyu mamake ni Mbajuni, kwao Kiunga. Ukitoka Kiunga kwa mashua ukaelekea kaskazini, mpaka wa Somalia hauko mbali. Jamaa zake wako pande zote mbili. Nchi iliyo karibu na kwa mamake kuliko Mombasa imeingia katika soko moja na sisi, na mtoto aliandika sita.

Nilimwuliza, "Si ulijua kuwa Somalia imeingia? Tulizungumza hapa hapa barazani."

Akanijibu, "Nilijua, Ami. Lakini niliona kitini kinajua zaidi."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Mtoto alikuwa na jibu sahihi kichwani mwake, akaliacha, kwa sababu lile la uongo lilikuwa limechapishwa.

Sasa nikueleze jambo la pili, ambalo naliona kubwa kuliko tarehe. Hata takwimu iliyo mpya, ikitolewa bila sababu yake, haimfai mtahiniwa. Siku chache baadaye nilimwambia anieleze mfumuko wa bei. Alinitolea maana yake kwa Kiingereza, neno kwa neno, bila kukwama. Kisha akaongeza kwa Kiswahili, "Oktoba 2022 ulikuwa asilimia 9.6, Oktoba 2024 asilimia 2.7." Nikamsifu, maana ni sahihi. Halafu akatazama rafu ya unga akaniuliza, kwa moyo safi kabisa, "Kwa hivyo, Ami, mbona bei hazikushuka?"

Nilichana karatasi ya kufungia sukari nikaandika. Chukulia kapu la vitu lililogharimu shilingi 1,000 Oktoba 2021. Mfumuko wa 9.6 ukalipandisha mpaka 1,096 kufikia Oktoba 2022. Mwaka uliofuata, Oktoba 2023, mfumuko ulikuwa 6.9, kapu likafika kama 1,172. Kisha ukaja 2.7 wa Oktoba 2024, kapu likawa 1,203. Nikamwonyesha kwa kidole: mfumuko umeteremka kila mwaka, 9.6, 6.9, 2.7, na kapu limepanda kila mwaka, 1,096, 1,172, 1,203. Kilichopungua ni mwendo wa kupanda. Mashua ikipunguza mwendo bado inakwenda mbele, hairudi nyuma.

Aliitazama karatasi ile muda mrefu. Akachukua penseli akaipiga hesabu tena yeye mwenyewe, mara mbili, kisha akaikunja akaitia kwenye pochi yake. Miaka mitatu amesoma uhasibu na hakuna aliyemwekea hesabu hiyo mbele ya macho.

Hapa, Mhariri, niruhusu nilaumu kidogo na magazeti, kwa mapenzi. Mara nyingi nimesoma vichwa vya habari vinavyosema ughali wa maisha umepungua, na ndani yake habari ni kwamba mfumuko umepungua. Si kitu kimoja. Mteja wangu akisoma hivyo asubuhi, jioni anakuja kunishika shati: gazeti limesema bei zimeshuka, wewe mbona hushushi? Na mtahiniwa akisoma hivyo anaingia chumba cha mtihani na kosa alilofundishwa na gazeti. Mfumuko wa bei uitwe mfumuko wa bei kila siku. Ughali wa maisha ni neno zuri, nalo liwe na kazi yake.

Shirika la Takwimu la Taifa hutoa hesabu ya mfumuko kila mwisho wa mwezi, na chakula ni karibu theluthi moja ya lile kapu wanalolipima. Kwa mama anayenunua kwangu robo kilo ya sukari na mafuta ya kupimiwa kwa kikombe, chakula ni zaidi ya hapo sana. Ndiyo sababu takwimu ya taifa na hali ya jikoni kwake hazilingani, na hakuna anayesema uongo kati yao. Lengo la serikali ni mfumuko ukae baina ya asilimia 2.5 na 7.5. Hilo nalo huulizwa sana mtihanini. Lakini sijawahi kuona kitini kinachoeleza kwa nini uwekewe na mpaka wa chini. Vijana wote hudhani bora ungekuwa sufuri. Mfumuko ukienda chini mno, huwa ni dalili kuwa watu hawanunui, na mwenye duka nalijua hilo kabla ya mtu wa takwimu: mzigo unakaa, naagiza nusu, aliyeko Mombasa naye anaagiza nusu kutoka kiwandani.

Dola nayo ni hivyo hivyo. Kitini: "Shilingi ni 160 kwa dola." Ilifika hapo Januari 2024, na tangu katikati ya 2024 imekaa karibu 129. Kwa nini ilidhoofika halafu ikapata nguvu? Kulikuwa na deni la dola bilioni 2, lililokopwa 2014, ambalo muda wake wa kulipwa ulikuwa Juni 2024. Walimwengu walikuwa na wasiwasi kama Kenya italipa. Februari 2024 serikali ikakopa dola bilioni 1.5 nyingine, kwa riba ya asilimia 9.75, ikanunua sehemu kubwa ya deni lile la zamani kabla ya siku yake. Wasiwasi ukatulia, dola zikaingia, shilingi ikasimama. Kijana akijua kisa hicho hana haja ya kukariri, kwa sababu kisa hukaa kichwani penyewe. Na atajua pia kwamba nafuu ile ilinunuliwa kwa deni la bei ghali, ambalo bado tunalilipa.

Kwa mvuvi wa hapa nilieleza hivi: spea ya injini ya boti inayouzwa dola 100 ilikuwa shilingi 16,000, sasa ni 12,900. Akaniuliza, "Na petroli?" Swali zuri. Oktoba 2023 petroli Nairobi ilifika shilingi 217 kwa lita, Oktoba 2025 ilikuwa karibu 185. Imeshuka, ila ndani ya bei hiyo kuna bei ya dunia, kuna dola, na kuna ushuru, na ushuru haukushuka. VAT ya mafuta, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ilikuwa asilimia 8, ikapandishwa hadi 16 kuanzia Julai 1, 2023. Bei mpya hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi. Mvuvi yule hafanyi mtihani wowote, lakini alikaa nasi mpaka saa nne usiku.

Kuna swali moja katika kitini kile ambalo jibu lake lilikuwa sahihi, na ndilo lililomtoa machozi binti wa ndugu yangu. "Kaunti ipi hupata mgao mdogo kuliko zote kutoka kwa serikali ya kitaifa?" Jibu: Lamu. Ni kweli. Mwaka wa fedha wa 2021/22 kaunti zote 47 ziligawiwa shilingi bilioni 370, na Lamu ikapata bilioni 3.1. Nairobi ilipata bilioni 19.2. Aliniambia, "Ami, niliandika jina la kwetu nikahisi kama naandika aibu."

Si aibu. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 143,920, na fomula iliyotumika mwaka wa fedha wa 2021/22 ilitazama idadi ya watu, afya, umaskini, ukubwa wa ardhi, barabara na mengineyo, pamoja na fungu ambalo kaunti zote ziligawana sawasawa. Tuko wachache, ndiyo maana mgao ni mdogo. Hapo mtahiniwa aliyefundishwa ataweza kwenda mbele na kuuliza: je, fomula hiyo inajua kwamba mgonjwa wa Kiwayuu au Faza hupelekwa hospitali kwa boti? Inajua kwamba kila mfuko wa saruji unaofika kisiwani umebebwa mara nne, lori, wapakuzi wa Mokowe, mashua, kisha mkokoteni wa hamali? Barabara ya Garsen na Witu imetiwa lami, nashukuru, mzigo wangu hauozi tena matopeni. Bahari haitiwi lami. Mambo haya mtoto wa Amu anayajua kuliko mwandishi wa kitini yeyote, na mtihani ulipomuuliza habari za kwao aliruhusiwa kujibu kwa neno moja tu.

Na LAPSSET, mradi wa bandari ya Lamu na njia za kuiunganisha na Sudan Kusini na Ethiopia. Swali hili halikosekani. Jibu la kitini ni kirefu cha herufi zake, basi. Mimi nilikuwepo Machi 2, 2012, jua kali, Rais Kibaki na wenzake Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia walipokuja kuuzindua mradi. Gati la kwanza lilifunguliwa na Rais Uhuru Kenyatta Mei 20, 2021. Leo kuna magati matatu. Na 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, kwa kuwa ujenzi uliwaharibia mahali pa kuvulia. Mtahiniwa akiyaweka hayo manne pamoja ameshaeleza mradi wa taifa: nani aliuanzisha, unamfaa nani, umemgharimu nani. Sijaona kitini kinachotaja wavuvi.

Najua nitaambiwa mitihani yenyewe ni ya Kiingereza, sasa Kiswahili kitawafaa nini? Mimi nimeona kwa macho yangu jambo linaeleweka kwa Kiswahili kwanza, halafu linaandikwa kwa lugha yoyote. Ile karatasi ya sukari aliielewa kwa Kiswahili. Kesho yake nilimwambia ayaandike maelezo yale kwa Kiingereza, akaandika aya nzima bila kutazama popote. Na lugha yetu haikosi maneno. Riba, ushuru, forodha, hazina, mtaji, faida, hasara, dhamana, deni, sarafu, hawala: haya yalikuwa yakitumika katika bandari hizi kabla ya benki yoyote kufunguliwa huku, wakati wazee wetu wakihesabu kwa reale na rupia. Babu yangu hakusoma shule, lakini ungemwambia hazina imepungukiwa angejua hasa unasema nini.

Neno riba, nikiwa nimelitaja, lina shida yake hapa kwetu. Kijana mmoja wa barazani alikataa kabisa kujifunza habari za riba ya Benki Kuu, akisema ni haramu. Nilimweleza taratibu kwamba kuijua si kuila. Kamati ya Sera ya Fedha hukutana kila miezi miwili kuamua riba hiyo. Ikipanda, mikopo inakuwa ghali na watu wanapunguza kukopa. Ikishuka, ni kinyume chake, ingawa mabenki huwa wepesi kupandisha na wazito kushusha. Hata asiyekopa hufikiwa na athari yake, kwa sababu anayemletea mchele amekopa. Nikamkumbusha kwamba nchi hii ina mabenki yasiyotoza riba tangu 2008, na mtu hawezi kutetea njia nyingine ya fedha kama haijui hii anayoikimbia. Sasa ndiye anayeuliza maswali mengi kuliko wote.

Ombi langu, Mhariri, ni nusu ukurasa. Mara moja kwa mwezi, mwanzoni mwa mwezi, wakati takwimu za mfumuko zimeshatoka. Muuweke uchumi wa taifa kwa Kiswahili, kwa ajili ya watahiniwa: wa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, wanaosoma somo la biashara, wa mitihani ya uhasibu ya KASNEB, wanaoitwa mahojiano ya kazi za kaunti na serikali, na kina mama na wavuvi wasio na mtihani. Kila takwimu iwe na tarehe yake ubavuni, na ile iliyotangulia, ili msomaji aone imetoka wapi kwenda wapi. Isemwe nani ameitoa, Benki Kuu, Hazina au Shirika la Takwimu. Halafu sentensi tatu au nne za sababu. Na kilichobadilika tangu mwezi uliopita kiwekwe juu kabisa, wala kisifichwe chini kwa herufi ndogo. Mkiandika kwamba bajeti ya 2025/26 ni kama shilingi trilioni 4.3, tuambieni na kwamba deni la taifa limeshavuka trilioni 11, ili mtoto ajue kulinganisha.

Mnaandika sana habari za fedha, nakubali. Lakini katika kurasa za Kiswahili mara nyingi napata nani alimjibu nani kuhusu bajeti, na bajeti yenyewe siipati. Juni 2024 vijana wa nchi hii waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakajua mkate unataka kutozwa VAT ya asilimia 16 na gari asilimia 2.5 ya thamani yake. Mswada ukaondolewa. Waliutafsiri wao kwa wao kwenye simu, katika lugha zao. Kiu ipo.

Na nyinyi wenye kuuza vitini, kama mwasoma hapa, sina ugomvi nanyi. Nami ni mfanyabiashara, najua kutafuta. Andikeni tarehe kwenye jalada. Wino wake hauzidi nusu shilingi.

Binti wa ndugu yangu hakupata ile kazi. Huenda asingeipata hata kwa jibu sahihi, kwa kuwa waliofanya mtihani walikuwa wengi na nafasi chache, na sitaki kudai nisichokijua. Ameomba nyingine, na mtihani wake ni Januari. Siku hizi kila Ijumaa baada ya Magharibi hukaa barazani hapa vijana watano, pamoja na yule mvuvi, tunasoma gazeti lako kwa sauti. Yeye ndiye mwandishi wetu. Amebandika karatasi kubwa ukutani, juu ya mizani, na hakuna namba inayoingia humo bila tarehe. Mstari wa mwisho aliuandika wiki hii: "Riba ya Benki Kuu 9.25, tangu Oktoba 7, 2025. Kamati yakutana tena Desemba." Chini yake ameacha nafasi wazi ya mistari mingi, na amenitaka nikuulize kama huo nusu ukurasa unaweza kuanza kabla ya Desemba.

Wako,
Mwenye duka,
Langoni, Lamu